Kabla ya kusaini nyumba: jua litakuwa wapi Desemba?

Habari zenu ndugu. Mwezi ujao nahamia Stockholm. Nimeonyeshwa nyumba mbili, kodi moja, zote jua limejaa. Kuna la kuangalia zaidi kabla sijasaini?

Jibu, London

Dada, hongera. La kuangalia lipo: usiliamini jua la Julai. Mimi nilisaini mwezi huo, sebule inang'aa mpaka saa tatu usiku. Novemba ilipofika jua likazama nyuma ya jengo la mbele, na hadi Februari halikugusa sakafu yangu. Sikudanganywa, sikujua tu la kuuliza.

Tuliokulia karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima na jua hupanda hadi utosini, kwa hiyo tunahesabu saa tu. Tazama na kimo cha jua angani. London mwishoni mwa Desemba mchana una saa 8 hivi, lakini hata adhuhuri jua huinuka nyuzi 15 tu. Jengo la mita 10 hapo linatupa kivuli cha mita 37. Uendako mchana ni saa 6 hivi, na jua halifiki nyuzi 8.

Basi rudi kwenye hizo nyumba na dira ya simu. Chukua yenye dirisha la kusini (walio Melbourne, kwenu ni kaskazini). Simama dirishani, nyosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Weka ukingo wa chini wa ngumi usawa wa upeo wa macho. Paa au mti wowote wa kusini unaoipita utakunyima jua la Desemba.

Jibu, Tromsø (kaskazini mwa Norway)

Kwetu dirisha halisaidii, jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Ule mwanga hafifu wa saa sita mchana usiukose, toka nje. Asubuhi nawasha taa ya lux 10,000 (kipimo cha mwanga) kwa nusu saa, nayo imenirudishia usingizi.

Na vitamini D, tafadhali. Kioo huzuia miale inayoitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Uingereza wanashauri mikrogramu 10 kila siku vuli na baridi, na sisi weusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Muulize daktari wako huko.

Mapazia mazito nunua kabla ya Mei, maana kiangazi huku hata usiku kuna mwanga.