Meli ya usiku ya Pemba: tunabanwa na magunia, na magunia yenyewe yanaroa

Asalaam aleykum. Nimeshuka bandari ya Mkoani alfajiri ya leo na hasira zangu, na mpaka sasa saa tano hazijatulia, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa jazba. Jina la meli silitaji. Mnaoipanda mtaijua wenyewe.

Mie nina duka dogo Chake. Kila baada ya wiki mbili tatu navuka kwenda Unguja kununua bidhaa, narudi nazo kwa hii meli ya usiku inayochukua watu na mizigo pamoja. Safari hii nilikuwa na mapolo kumi na mbili ya unga wa ngano, katoni za biskuti na sabuni, na mwanangu wa miaka sita.

Mlango wa kuingilia ni mmoja. Ule ule wa chuma wa nyuma unaolazwa gatini ndio unaopitisha gari, ndio unaopitisha wachukuzi na magodoro kichwani, ndio unaompitisha bibi mwenye fimbo. Hata kamba ya kutenganisha hakuna. "Pisha! Pisha!" Mchukuzi simlaumu, analipwa kwa mzigo. Kona ya godoro ikampiga mwanangu shavuni kabla hatujafika kwenye ngazi.

Juu kuna mlango wa dharura, una maandishi makubwa mekundu, na mbele yake yamepangwa marobota ya mitumba mpaka usawa wa kitasa. Kabati la maboya ya kuvaa lina kufuli. Nikamuuliza baharia ufunguo uko wapi, akacheka. "Mama, lala tu, tutafika inshallah." Inshallah, sawa, lakini ufunguo uko wapi? Choo sikisemi.

Kilichonitoa usingizi ni cha chini. Kama saa saba tuliingia mkondo wa Nungwi, na upepo huu wa kusi mnaujua. Chombo kikaanza kwenda mrama, watu wanatapika, vifuko vimekwisha. Nikamwachia jirani mtoto nikashuka kutazama mzigo wangu. Nikakuta maji. Si ya kuogelea, yalinifika kwenye kifundo cha mguu, lakini yanatembea. Meli ikilalia kushoto yote yanakwenda kushoto na maganda ya vitunguu na kandambili moja ya bluu juu yake. Ikijirudi, nayo yanarudi yanapiga kwenye magunia, pwaa. Pembeni kuna tundu la kutolea maji baharini. Nikamulika kwa simu. Limezibwa na mfuko wa plastiki na mchele uliomwagika, umevimba umeshakuwa kama uji. Nikachokonoa kwa kipande cha mti, maji yakaanza kupungua pale pale. Mimi! Muuza unga! Baharia aliponiona akanifokea nirudi juu, abiria haruhusiwi kule. Kumbe huko ndiko nilikopandia.

Msinambie "maji kidogo tu". Sitaha ya magari, huko chini nilikoshuka, ni ukumbi mtupu, hauna kuta za kuyagawa maji. Yakiingia hayakai pamoja, yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, mpaka chombo kinashindwa kujirudi. Mwaka 1987 meli ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, mlango wa mbele uko wazi. Bahari ikaingia sitaha ya magari, meli ikalala ubavu kwa dakika chache, watu 193 wakafa. Na ilikuwa nje tu ya bandari.

Na sisi Wapemba wa kuelezwa haya? Meli ya Spice Islander, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilizama mkondo huu huu, imepakia watu zaidi ya mara tatu ya uwezo wake. Chombo cha mwaka 1967 kutoka Ugiriki. Haukupita mwaka, Julai 18, 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Ile ilijengwa Marekani kuvusha watu wa Seattle, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu kila upande, ikaja kuletwa kwenye kusi letu. Kwa hiyo na hii tunayopanda nataka kujua: ilijengwa kwa bahari gani? Na vile viti vya sitaha ya juu nani aliviongeza? Maana machomeleo yanaonekana kwa macho, na kila unachokipandisha juu kinakipa chombo kichwa kizito.

Asubuhi mapolo manne ya unga yameroa, yamekuwa donge. Karani akaigeuza risiti akanionesha kwa kidole: mzigo kwa dhamana ya mwenyewe. Pesa ya kupakia kaichukua yeye, dhamana kaniachia mimi. Nikamwambia tundu lilizibwa, akaniuliza "Una ushahidi?" Ninao. Picha tatu na video ya sekunde arubaini, kandambili ya bluu inaonekana.

Kuyazibua yale matundu kabla ya kung'oa nanga ni kazi ya mtu mmoja na ufagio, robo saa haifiki. Kufuli la kabati ni kulitoa tu. Hayo hayasubiri bajeti ya mtu. Na wakaguzi wanaopanda mchana meli ikiwa tupu imefungwa gatini, waje saa tatu usiku tunapopakia.

NYONGEZA: Wanaoniuliza kwa nini nisipande boti ya kasi: mapolo kumi na mbili nitayaweka mapajani? Na aliyesema nimeandika kwa sababu ya unga wangu, ndiyo, na unga pia. Nataka pesa yangu. Wenzangu mlioroanishiwa mizigo safari ya jana, wekeni risiti zenu hapa, Jumatatu naenda ofisini kwao na sitaki kwenda peke yangu.