Miti ya matunda ya nyumbani Dodoma: embe, parachichi, komamanga, papai au stafeli?

Kiwanja_Ihumwa
Wakuu habari za leo. Nyuma ya nyumba, Ihumwa, nimebakiwa na eneo la mita 10 kwa 14. Udongo ni mwekundu wenye kichanga. Maji ni ya kisima na yana chumvi, maana sabuni haitoi povu vizuri. Nataka miche mitano au sita, matunda ya kula nyumbani tu, si biashara. Nimewaza embe, parachichi la Hass, komamanga, papai na stafeli. Nianze na ipi? Na je, ninunue Nanenane pale Nzuguni au nisubiri?

Fundi_Kitalu
Mkuu, anza na maji, aina ya tunda baadaye. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kuanzia Mei mpaka Novemba mti unakutegemea wewe.

Mwembe mchanga kiangazi cha kwanza unatosheka na debe moja la lita 20 mara mbili kwa wiki. Miti sita ni lita 240 kwa wiki, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 linakupeleka wiki nne. Mparachichi unataka debe hilo kila baada ya siku moja, kwa sababu mizizi yake ya kunyonya imejaa kwenye sentimita 30 za juu, na huko ndiko jua la Septemba linakokausha kwanza. Mwembe unashuka chini. Tena ukishakomaa, ukame kidogo kabla ya maua unausaidia: sitisha maji kuanzia Mei au Juni, urudishe matunda yakifika ukubwa wa choroko. Ukiumwagilia mfululizo utapata majani mazuri na embe chache.

Kwangu mimi: embe na komamanga kwanza, papai la kujazia nafasi. Stafeli liache, linapenda unyevu wa hewa. Weka topetope badala yake. Ni ndugu, ila topetope hupukutisha majani kiangazi na kuchipua upya mvua ikikaribia. Hewa kavu hailisumbui.

Mzee_wa_Chanja
Nyongeza kwenye hayo maji. Sabuni kukataa povu ni dalili ya maji magumu, yaani kalsiamu na magnesiamu. Chumvi inayounguza miti ni habari nyingine, na visima vingi vya huku vina vyote viwili. Peleka chupa moja maabara wakupimie EC, yaani kipimo cha chumvi iliyoyeyuka kwenye maji. Chini ya 0.7 dS/m mwagilia chochote. Kati ya 0.7 na 3 chagua mti. Zaidi ya 3, achana na matunda mengi.

Parachichi ndilo dhaifu kuliko yote uliyotaja: linaanza kulalamika EC ikikaribia 1. Utaona ncha na kingo za majani ya zamani zinageuka kahawia kama zimepitiwa na moto, na watu hukimbilia kuongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi. Machungwa na malimau yanafuata kwa udhaifu. Komamanga na mzabibu vinastahimili vizuri zaidi. Kwa nini hukuorodhesha zabibu? Upo Dodoma bwana! Chanja moja (jukwaa la kutambazia mzabibu) ya mita 3 kwa 4 inakupa kivuli na mavuno mawili kwa mwaka ukipogoa kwa wakati.

Dada_Msalato
Naomba nitetee parachichi kidogo. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 tu, linakusanya karibu lita 1,000, na ukiondoa zinazopotea hukosi 800. Maji ya mvua hayana chumvi. Matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 10, kivuli cha neti mwaka wa kwanza, inawezekana.

Fundi_Kitalu
Dada, hesabu yako ni sahihi. Kwenye kuhifadhi ndipo penye ugumu. Debe kila baada ya siku moja kwa miezi saba ni zaidi ya lita 2,000 kwa mti mmoja, na mwaka wa pili na wa tatu mahitaji yanapanda. Mwenye tanki kubwa la chini ajaribu mti mmoja. Halafu miche mingi ya Hass inatoka nyanda za baridi kama Njombe. Ikiteremshwa kwenye upepo wetu wa Agosti bila kuzoeshwa, inakauka ncha ndani ya wiki.

Kiwanja_Ihumwa
Nimewaelewa, parachichi nimelitoa. Kwenye kununua niangalie nini? Wauzaji wote wanasema "mche wa kisasa".

Fundi_Kitalu
Mwembe wa mbegu unakuweka miaka mitano hadi minane. Uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina bora kimeunganishwa juu ya mche wa kienyeji, mitatu hadi minne. Kwa hiyo tafuta kovu la kubebeshea, sentimita 15 hadi 25 juu ya udongo. Lisiwe na ufa, na juu na chini yake shina liwe na unene unaokaribiana. Nailoni iliyofungiwa ikiwa bado imekaza, itoe, la sivyo shina litabanwa na siku ya upepo litakatika palepale. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu ni ya ule mche wa kienyeji. Wengi huyaacha kwa huruma, baada ya mwaka mmoja aina bora uliyonunua, tuseme Kent, imekufa na kilichobaki ni embe la porini.

Kisha geuza kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye mche. Mizizi iliyotoboa chini na kujisokota maana yake mche umekaa kitaluni muda mrefu mno. Mche wa sentimita 50 wenye majani yaliyokomaa ni bora kuliko wa mita moja na nusu uliosongwa kwenye kiriba kidogo.

Aina huwezi kuijua kwa jani, kwa hiyo nunua kwenye kitalu kinachotambuliwa na TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu), udai risiti iliyoandikwa jina la aina. Embe aina ya Apple ni tamu lakini inashikwa sana na ukungu mweupe wakati wa maua. Tommy Atkins ni ngumu zaidi ila ina nyuzi. Keitt huchelewa kuiva, kwa hiyo ukichanganya na Apple unakula embe kwa muda mrefu.

Nanenane ni mapema. Ukinunua Agosti itabidi uitunze kivulini miezi minne. Nenda ukaone na kuulizia bei, uichukue Desemba.

Mzee_wa_Chanja
Mashimo uchimbe Oktoba: sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uuweke kando. Rudisha huo wa juu ukiwa umechanganywa na debe mbili za samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa. Matandazo yaachie sentimita 15 kutoka kwenye shina kwa sababu hiyohiyo ya mchwa. Maji ya kisima mwaga chini, usirushe kwenye majani.

Kiwanja_Ihumwa
Asanteni sana. Mpangilio je?

Dada_Msalato
Embe mbili upande wa mita 14, mita 6 kutoka moja hadi nyingine, uzipogoe zisizidi mita 4 kwenda juu. Upande wa pili komamanga mbili na topetope moja, mita 4 kila nafasi. Katikati ya embe panda papai: mashimo mawili, kila moja miche mitatu. Yakitoa maua, bakiza mche wa kike au wenye jinsia mbili, dume moja liache kama wote waliobaki ni wa kike. Embe zikitanuka mwaka wa nne, papai zitakuwa zimeshazeeka na kung'olewa.

Komamanga usiiache ikauke kisha uimwagie kwa fujo, matunda yatapasuka. Na embe zilizoanguka usiziache chini Desemba: zifunge kwenye mfuko mweusi juani siku kadhaa, funza wa inzi wa matunda wafie humo.