Majirani Blok C, South B: safari ya kisiwa cha Wasini

[19:02] Mama Imani: Hamjambo majirani. Wa Wasini tumefika 9, watu wazima 6 na watoto 3. Nataka kukata tiketi za treni leo usiku. Tusafiri Ijumaa hii ijayo, Jumamosi tuwe baharini. Sawa?

[19:05] Mzee Omari: Usikate bado, mwanangu. Tazama mwezi kwanza. Jumamosi hiyo mwezi utakuwa nusu, ndiyo siku za maji mafu. Hayapwi vya kutosha, na yakipwa ni alasiri. Mtafika Kisite, kwenye hifadhi ya bahari, saa nne asubuhi mkute fungu la mchanga limefunikwa.

[19:07] Kevo: Shikamoo mzee. Kwani lile fungu la mchanga haliko pale siku zote?

[19:10] Mzee Omari: Marahaba. Linatokeza maji yakipwa tu. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kwa hiyo hupwa saa nne asubuhi, wakati uleule boti zinafika. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa kalenda ya Kiislamu chagua tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17.

[19:11] Mama Imani: Basi Jumamosi ya wiki inayofuata, mwezi mpevu.

[19:11] Mzee Omari: Hapo sawa. Na ni msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia na maji ni maangavu. Mwezi wa sita na wa saba, kusi likivuma, watoto wangetapika njia nzima.

[19:14] Bi Zuhura: Treni chukueni ya saa tisa alasiri. Ya usiku inafika Miritini, kituo cha Mombasa, kabla ya alfajiri na mtapanda boti bila usingizi. Tiketi ni *639#, andikeni namba za vitambulisho kwa makini. Kutoka Miritini msipitie feri ya Likoni. Kodini gari lipite Dongo Kundu moja kwa moja hadi kusini, mlale Shimoni, boti zinakoondokea. Anayetumia matatu apande ya Lunga Lunga, ashuke Kanana. Kutoka hapo kuna bodaboda, kama kilomita 14.

[19:15] Kevo: Kiingilio cha hifadhi tunalipa kule?

[19:17] Bi Zuhura: KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, hawapokei pesa taslimu. Lipeni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, mkiwa bado Nairobi na mhifadhi risiti kwenye simu, msingoje mtandao wa gatini. Mkishalipa mnaruhusiwa Kisite na Mpunguti. Mule mna visiwa vinne vidogo: Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Liwe la Jahazi.

[19:21] Mzee Omari: Sasa kuogelea. Bamvua lina nguvu, maji yakiwa katikati ya kupwa na kujaa mkondo unakokota mtu. Ingieni yakiwa yametulia, au yanapoanza tu kujaa, maana maji ya bahari kuu yanayoingia ndiyo safi. Nahodha mzuri anajua, lakini mwambieni mapema kwamba mna watoto. Na kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha kabla boti haijaondoka, si likiwa limefungiwa chini ya kiti.

[19:22] Wanjiku: Miwani ya kuzamia huwa inaingiza maji. Nikaze mkanda zaidi?

[19:26] Mzee Omari: La, ukikaza sana mpira unajikunja na maji yanaingia zaidi. Mara nyingi shida ni unywele uliobanwa chini ya mpira, au ndevu. Ijaribuni nchi kavu: bandika usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inakutosha. Za watoto ziwe ndogo, za watu wazima zitavuja hata ufanye nini. Kioo kikifanya ukungu, tema mate ndani, sugua, suuza mara moja kwa maji ya bahari.

[19:27] Wanjiku: Asante sana mzee. Hilo la unywele sikulijua.

[19:30] Bi Zuhura: Vaeni fulana za mikono mirefu mkiogelea. Mgongo unaungua bila kujua kwa sababu maji yanaupoza, na mafuta ya jua yakioshwa yanadhuru matumbawe. Msisimame juu ya matumbawe hata mkichoka, laleni chali mpumzike. Tawi lililovunjika huchukua miaka kurudi. Pomboo wakitokea, nahodha apunguze mwendo, asiwafukuze.

[19:31] Kevo: Na Wasini kwenyewe?

[19:35] Bi Zuhura: Mkitoka Kisite mtakula hapo, kaa na samaki wa nazi. Kisha ile bustani ya matumbawe ya kale, mnapita juu ya daraja la mbao linalosimamiwa na kina mama wa kijiji, na kiingilio ni chao. Bamvua likianza kujaa alasiri, maji yanaingia chini ya mbao polepole kati ya yale mawe. Kaeni myaone. Viatu viwe vya mpira, mawe yanakata. Mabegani na magotini jifunikeni kijijini. Kisiwa hakina mto, kwa hiyo bebeni maji ya kunywa lita 2 kila mtu.

[19:37] Mama Imani: Dawa ya kichefuchefu kwa Imani?

[19:38] Mzee Omari: Saa moja kabla ya kupanda boti, akiwa amekula kidogo. Akae katikati au nyuma, atazame mbali kule bahari inapokutana na mbingu, asiangalie simu.

[19:41] Mama Imani: Nimeelewa. Nakata za wiki inayofuata, saa tisa. Nitumieni namba za vitambulisho faraghani, tafadhali si hapa kwenye kikundi.