Re: Gari ya mashindano inakata mafuta mwisho wa straiti

Habarini wadau. Niko Des Moines, Marekani, mimi na mwenzangu tumenunua street stock (gari ya kawaida iliyogeuzwa ya mashindano) ya kukimbizia kwenye vumbi, injini Chevy 350 (350 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo) na kabureta ya Holley. Inawaka vizuri, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga) imetulia, ila nikikanyaga nikafika mwisho wa straiti (sehemu iliyonyooka ya uwanja) inaanza kukohoa, nikiachia kwenye kona inarudi sawa. Fundi mmoja hapa kaangalia juu juu kasema ninunue pampu mpya ya mafuta, na zile za resi bei yake sio ndogo. Klasi yetu pampu ya umeme hairuhusiwi. Ninunue tu au kuna namna?

----

Mdogo wangu hongereni kwa gari, ila hela usitoe bado. Dalili hiyo inaonyesha kabureta inaishiwa mafuta. Bakuli la mafuta la Holley linabeba kidogo, ukiwa sailensa halipungui, ila ukikanyaga mpaka chini injini inakunywa haraka kuliko pampu inavyojaza, likikauka ndo unasikia kukohoa, ukiachia kwenye kona linajaa tena. Injini ya hosipawa 350 ikiwa full inakula karibu galoni 29 kwa saa, sio mchezo. Kuhakikisha kwamba sio moto wa plagi, ikianza kukohoa zima palepale na uiache ijisukume mpaka pembeni, usiiweke sailensa maana bakuli litajaa tena, ikishapoa fungua ile skrubu ndogo ya ubavuni mwa bakuli, mafuta yanatakiwa yawe usawa wa tundu, yakiwa chini sana basi tatizo ni mafuta.

Pampu yenyewe ichunguze mwisho. Iko mbele upande wa kulia wa injini na tangi liko nyuma kabisa, kwa hiyo inavuta kutoka mbali, na mpira wa upande wa kuvuta ukiwa na tundu hutaona tone chini, unaingiza hewa tu kimya kimya. Mpira mwingine umelainika kwa ndani, pampu ikivuta kwa nguvu unajibana, ukiuangalia gari ikiwa imezimwa uko mzima. Kagua filta, kagua na kipumulio cha tangi.

Halafu pima presha ya mafuta. Geji (kipimo cha presha) usinunue, maduka kama AutoZone wanaazimisha vifaa, unaacha deposit ukirudisha unapewa hela yako yote, wengi wetu tuliohamia huku hatujui hili tunanunua vitu vya kutumia mara moja. Funga geji kati ya pampu na kabureta, Holley ya petroli inataka presha ya paundi 6 mpaka 7 (psi). Ukimaliza chomoa mpira kwenye kabureta uelekeze kwenye kidumu, washa injini iende sailensa kwa mafuta yaliyobaki kwenye bakuli, ndani ya sekunde 30 upate nusu lita au zaidi. Hii fanyeni nje, injini ikiwa ya baridi, na mwenzako asimame na zimamoto ya klasi B (ya moto wa mafuta) mkononi, tafadhali sana. Presha ikiwa nzuri ila ujazo mdogo, kuna kitu kimeziba au kinajibana huko nyuma. Presha yenyewe ikiwa ndogo na mipira ni mizima, sasa fungua pampu.

Angalia kwanza kama inafunguka. Ile iliyokunjwa ukingo kiwandani ni ya kutupa, yenye skrubu kuzunguka ndo inatengenezeka. Piga mstari kwa tupa upite nusu zote mbili ili zirudi zilivyokuwa, na piga picha valvu mbili za ndani, zinafanana ila moja inaingiza nyingine inatoa, ukizigeuza pampu haivuti kitu. Daiframu (utando wa mpira unaosukuma mafuta) ikunje taratibu kwenye mwanga, pale inapokutana na sahani ya chuma ndo utaona mipasuko midogo midogo. Mpira wa zamani na ethanoli haviivani, na petroli nyingi ya hapa ina asilimia 10, kwa hiyo ukiagiza seti ya vipuri vya daiframu uliza kabisa kama inahimili ethanoli. Kwenye kufunga ndo wengi wanaharibu: rudisha skrubu zote kwa mkono bila kukaza, sukuma leva mpaka mwisho wa mwendo wake uishikilie hapo hapo, ndo ukaze kwa kukatisha, hii kisha ya upande wa pili. Ukikaza leva imelegea daiframu inakosa nafasi ya kutembea na itachanika mapema.

----

Niaje wadau, niko Minneapolis. Niongezee kidogo hapo kwa Chevy. Pampu haigusi kemshafti (shafti ya ndani inayofungua valvu za injini) moja kwa moja, kuna fimbo ya chuma katikati, ikiwa mpya ni inchi 5.75. Ipime, ikilika kichwani pampu haipati mwendo kamili hata uitengeneze namna gani. Wakati wa kurudisha fimbo inateleza chini na inasumbua sana, so ipake grisi nzito, ama toa ile bolti fupi iko mbele ya bloku uweke ndefu kwa vidole tu ndo iishikilie. Ukimaliza rudisha ile fupi kabla uwashe gari, usisahau.

----

Asanteni sana kaka zangu. Presha ni paundi 3 na pampu yangu ni ya skrubu. Ila nimenusa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), oili inanuka petroli kabisa. Na hapa apartment hawataki tumwage wala kutengeneza chochote parking.

----

Basi daiframu imepasuka, petroli inashukia kwenye injini. Usiwashe tena hata kuisogeza tu, mvuke wake kwenye kirankikesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili) unaweza kulipuka na mabearing yanakosa ulainisho. Ivuteni kwa trela mpaka kwa mtu mwenye gereji, oili na filta vibadilishwe vyote kabla ya kuwasha na pampu iliyotengenezwa au mpya. Oili hiyo maduka ya spea hawaipokei ikiwa imechanganyika na petroli, iweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, andika kilichomo, upigie simu kituo cha kaunti cha taka hatari za majumbani, watakuambia siku ya kuleta. Kwa sisi watu wa majumbani huwa ni bure au hela kidogo. Na kila mkitoka kukimbia nuseni dipstiki kabla gari haijapanda trela.