Kadi za Krismasi za familia: za kuchapisha na picha, za kuandika kwa mkono, au za kutuma kwa simu?

Upendo_Nyumbani
Habari za humu wakuu. Mwaka huu nataka familia yetu itume kadi za Krismasi kwa utaratibu, na lazima niamue ndani ya wiki hii. Niko njia panda kati ya tatu: kadi za kuchapisha zenye picha yetu, pakiti za kadi za kawaida tuandike kwa mkono, au picha yenye maneno tutume kwa simu. Mwaka jana nilianza tarehe 15 Desemba, nikakesha siku tatu na bahasha, watoto wakanuna, na kadi nyingi bado ziko kwenye droo. Sitaki kurudia. Ipi haina usumbufu?

Kalamu_Nyeusi
Mleta mada, ya muhimu yote umeyaacha. Kadi ngapi? Wote wako nchi moja au kuna za kuvuka mipaka? Anwani unazo? Na nani ataandika, wewe peke yako au nyumba nzima? Kadi 15 na kadi 150 ni kazi mbili tofauti kabisa.

Mchapaji_Mstaafu
Wakati tunasubiri majibu, niseme la uchapaji. Kadi za picha ni nzuri sana, zinaharibiwa na faili. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa. Kwenye kioo cha simu inapendeza, kwenye karatasi inatoka na ukungu. Chukua ile halisi kutoka kwenye simu iliyopiga. Kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, inataka angalau pikseli 1,240 kwa 1,748 ili ichapike vizuri kwa nukta 300 kwa inchi. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu, na usimsimamishe mtoto ukingoni, atakatwa sikio. Bahasha yake ni C6. Kabla hujaruhusu zichapwe zote, omba nakala moja uishike mkononi, maana rangi zinazowaka kwenye kioo hupoa zikifika kwenye karatasi.

Na ndani ya kadi usikubali karatasi ya kung'aa. Bolpeni inateleza, wino wa jeli haukauki, ukifunga kadi salamu zako zinajichapa upande wa pili.

Shangazi_Mkubwa
Mimi ni wa mkono tu. Kadi iliyochapwa hadi majina ya waliotuma sioni tofauti yake na tangazo. Nina kadi ya marehemu kaka yangu, mistari miwili, mwandiko umeinamia kulia kama alivyoandika tangu shuleni. Picha zake ninazo nyingi, lakini nikitaka kumsikia naitoa ile kadi.

Salamu_Chapu
Shangazi shikamoo. Naheshimu hilo, lakini tusiseme kadi ya kuchapwa haina upendo. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilitokea London mwaka 1843, na Henry Cole aliichapisha kwa sababu alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda hana. Alimpa kazi mchoraji John Callcott Horsley, zikachapwa kama 1,000. Kwa hiyo tangu mwanzo kadi ni njia ya kupunguza kazi. Cole angekuwa na simu angetuma kwa simu. Mleta mada chukua namba tatu, dakika kumi umemaliza.

Shangazi_Mkubwa
Marahaba mwanangu. Hata hiyo ya Cole iliachwa nafasi ya kuandika jina la anayepelekewa. Na hizo za simu huwa napokea ileile moja kutoka kwa watu sita, sijui nimshukuru nani.

Kalamu_Nyeusi
Jamani tunatoka kwenye mada. Mleta mada yuko wapi?

Neema_ya_Jioni
Mimi naomba nieleze lililonipata, maana mnabishania karatasi wakati balaa linakaa kwenye orodha.

Nilikuwa na jedwali la anwani kwenye kompyuta, limepangika, kila jina na safu yake. Desemba nachapa lebo zote kwa mkupuo, nabandika, jioni moja kadi 90 zimekwisha. Nilikuwa nikiringia mpango ule. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, rafiki wa mama yangu akafiwa na mumewe. Nilikwenda msibani, nilimshika mkono pale kaburini. Jedwali sikuligusa. Desemba lebo zikatoka kama kawaida, nikabandika bila kuzisoma, nikaposti. Kadi ikamfikia mama wa watu imeandikwa "Bwana na Bibi", na ndani tumo sisi tunacheka, na maneno "Mwaka mwingine wa furaha".

Hakunipigia. Alimweleza mama, tena kwa upole, kwamba aliiweka ile bahasha juu ya kabati siku mbili bila kuifungua kwa sababu ya jina la mumewe. Nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea vizuri. Lakini kadi aliiondoa kabatini kabla sijakaa, nikaiona akiisukumia chini ya gazeti.

Tangu hapo jedwali nalirekebisha siku ileile ninapopata habari. Kafariki nani, kaoa nani, kahama nani, kazaliwa mtoto gani. Safu moja ni ya kadi niliyotuma, nyingine ya niliyopokea. Na bahasha naandika kwa mkono, zote, kwa sababu mkono ukiandika jina akili inamkumbuka mtu.

Salamu_Chapu
Pole sana dada. Hili limeniingia.

Upendo_Nyumbani
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Kadi ni kama 60. Kumi na nne zinaenda nje ya nchi. Anwani ninazo za nusu tu, nyingine nilikuwa nategemea kuuliza. Watoto wawili, mkubwa ana miaka 11 na anaandika vizuri. Neema, nimesoma yako nikaenda kufungua orodha yangu. Kuna majina mawili ya kufuta.

Kalamu_Nyeusi
Sasa tunaongea. Hizo 14 ndizo zinazokubana, nyingine zina nafasi. Zitoke Novemba, maana Desemba posta huelemewa kila mahali. Jina la nchi liandike mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Na ukinunua kadi epuka za mraba, posta ya Marekani kwa mfano hutoza zaidi kwa bahasha ya mraba kwa sababu mashine haziipitishi vizuri. Za hapa karibu andika kumi kila jioni, siku tano umemaliza. Mkubwa aandike bahasha, mdogo abandike stempu, wewe ubaki na mistari miwili ya ndani.

Mchapaji_Mstaafu
Au uchape 60 zenye picha, ndani uache wazi kabisa. Shangazi atapata mwandiko wake na wewe utapata picha yako.

Shangazi_Mkubwa
Hapo nakubali nusu. Ila picha ya watoto kwenda kwa watu 60, mmeuliza watoto wenyewe?

Salamu_Chapu
Swali zuri. Binti yangu alikataa picha yake isitumwe popote, tukatumia mchoro aliouchora yeye. Ulipokelewa vizuri kuliko picha zote tulizowahi kutuma.

Fanaka_Tele
Naongezea kwa mliochelewa: kama mna jamaa Waorthodoksi wa Urusi, Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Msiwape haraka ya Desemba bure. Halafu nina swali la pembeni. Kadi za zamani mnazihifadhije? Zangu zimeanza kuwa njano.

Shangazi_Mkubwa
Sanduku kavu, mbali na jua, na usizifunge kwa raba. Raba ikizeeka inanata kwenye karatasi. Mimi natumia utepe wa kitambaa.

Upendo_Nyumbani
Asanteni sana. Mkubwa ameshaomba achore, kwa hiyo sasa sijui tena kama ni picha au mchoro. Kingine kilichonikwamisha nikipitia orodha: binamu yangu ameachana na mkewe mwaka huu, na huyo wifi bado nampenda. Natuma kadi moja au mbili?

Neema_ya_Jioni
Mbili. Ya wifi anza nayo leo.

Kalamu_Nyeusi
Mbili, sawa. Watoto wao unawaandika kwenye ipi?