Plumeria Nakuru: vipandikizi vinaoza chini na ncha zinakuwa nyeusi

Maua_Lanet (Nakuru):
Habari zenu wapenzi wa maua. Naomba msaada kuhusu plumeria, wengi wetu tunaiita franjipani. Ile nyeupe yenye kitovu cha njano imestawi ukutani bila shida, sasa nataka kuongeza aina: nyekundu iliyokolea, ya rangi ya pichi, na Celadine, ile ya njano yenye ukingo mweupe, kama kuna mahali inapatikana. Vipandikizi vya nyekundu vilipandwa Mei mwanzoni. Vingi vimeoza sehemu iliyo ndani ya udongo: ukivuta kinatoka laini, rangi ya kahawia, na kinanuka. Vilivyosalia vimeshika weusi kwenye ncha, na weusi unateremka polepole. Mchanganyiko ni udongo wa shamba na samadi nusu kwa nusu, kwenye makopo ya lita tano yaliyotobolewa, maji kila baada ya siku mbili. Kosa liko wapi? Na je, nikipanda mbegu badala yake, nitapata rangi ileile ya mama?

Riat_Bustani (Kisumu):
Makosa ni mawili, maji na majira, na samadi imeyaongezea nguvu. Kipandikizi cha plumeria hakina mizizi, kwa hivyo hakinywi. Maji unayomwagia yanakaa palepale kwenye kidonda, na kwa baridi ya Nakuru ya Mei hadi Agosti udongo haukauki. Samadi inazidi kushika unyevu huo. Hata ingekuwa Kisumu, nusu samadi ni nyingi mno kwa kitu ambacho bado hakijatoa mzizi.

Kata Januari au Februari, wakati mti umepukutisha majani na utomvu umepungua. Chagua tawi la kijivu, gumu, lenye unene wa kidole gumba au zaidi, urefu wa sentimita 30 hadi 40. Ncha za kijani bado ni changa na ndizo huoza kwanza. Kwenye mti mama kata kwa mshazari ili mvua isituame juu ya kidonda; kwenye kipandikizi chenyewe kata moja kwa moja, maana kidonda kidogo hukauka upesi. Kama kuna majani, yakate ukiacha kikonyo kama cha sentimita mbili, kitaanguka chenyewe. Vaa glavu au nawa mara moja, ule utomvu mweupe unawasha ngozi na ukiingia jichoni ni balaa.

Kisha usipande. Kilaze kivulini mahali pakavu kwa wiki mbili, hata tatu kwa shina nene. Kidonda kinatakiwa kiwe na kigaga kikavu ambacho ukikigusa hakinati. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Tawi la plumeria lililokauka vizuri linaweza kukaa zaidi ya mwezi bila kufa, kwa hivyo haraka haina faida yoyote.

Kuhusu udongo, nyinyi wa Nakuru mna bahati ambayo sisi wa Kisumu hatuna: pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno ambayo mashamba ya waridi ya Naivasha yanapandia. Chekecha utoe vumbi, ubaki na punje za kama milimita 4 hadi 8. Changanya pumisi debe mbili kwa debe moja ya mboji iliyooza kabisa, ile ambayo ukiinusa haina harufu ya zizi. Ukikosa mboji nzuri tumia pumisi tupu. Fukia sentimita 8 hadi 10, isizidi, kisha funga kipandikizi kwenye kijiti kisitikisike, kwa sababu mizizi ya kwanza ni myororo na hukatika kama ukucha wa mtoto. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini. Baada ya hapo acha mpaka uone majani mawili matatu yaliyofunguka kikamilifu.

Angalizo: majani madogo ya mwanzo hayathibitishi kwamba kuna mizizi. Tawi huyatoa kwa akiba ya ndani yake. Mtu akiona kijani anafurahi, anaanza kumwagilia kila siku, na wiki mbili baadaye analia. Kama unataka uhakika, tumia chupa ya soda ya lita mbili inayopitisha mwanga: kata shingo, toboa chini, izungushie karatasi nyeusi. Ukiifunua unaiona mizizi kwa macho yako.

Njoro_Kijani (Nakuru):
Naunga mkono yote, ila niongeze la huku kwetu juu. Nakuru tuko karibu mita 1,850, Kisumu ni kama 1,130. Joto la mizizi ndilo linaloamua. Plumeria hutoa mizizi vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Usiku wetu wa Julai unaweza kushuka hadi 10 au chini yake. Kwa hivyo weka mikebe juu ya sakafu ya simiti, mbele ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na juu uezeke shiti la plastiki linalopitisha mwanga. Simiti na ukuta vinashika joto la mchana na kulitoa usiku, na paa linazuia mvua. Usiviweke moja kwa moja kwenye nyasi. Kwa joto hilo, mizizi huja baada ya wiki sita hadi nane. Nyekundu nyingi huchelewa kuliko nyeupe na njano, kwa hivyo usizing'oe kuchungulia.

Ncha nyeusi ni kuoza kunakoletwa na baridi ikikutana na unyevu kwenye kichipukizi. Haiponi yenyewe, na ukiiacha inateremka. Subiri siku kavu, kata chini ya weusi mpaka uone mduara mweupe safi. Kukiwa na kitone cha kahawia katikati kwenye kiini, hujafika, teremka tena sentimita mbili. Pangusa kisu kwa spiriti kila unapokata, la sivyo unahamisha ugonjwa mwenyewe. Kidonda kikikauka, tawi litachipua pembeni, mara nyingi vichipukizi viwili au zaidi, na umbo la mti linakuwa zuri zaidi.

Ile inayobaki na majani mabichi mwaka mzima, Plumeria obtusa, wengi wanaiita Singapore, huumizwa na baridi zaidi kuliko hizi za Plumeria rubra zinazopukutisha majani. Huku juu ipande kwenye mtungi mkubwa karibu na ukuta. Kwa taarifa tu, Singapore si kwao: asili yake ni visiwa vya Karibi, ilipata jina hilo kwa sababu ilifika Hawaii mwaka 1931 ikitokea Singapore.

Shinyalu_Maua (Kakamega):
Nijibu la mbegu. Hapana, hutapata rangi ya mama. Kila mche wa mbegu ni mmea mpya. Kwenye ganda moja unaweza kupata nyeupe, pinki na njano kwa pamoja. Aina yenye jina hutunzwa kwa kipandikizi au kwa kubebesha tu, yaani kuunganisha tawi lake kwenye shina la mche mwingine. Mtu akikuuzia mche wa mbegu na kuuita Celadine, amekuuzia mtoto wa Celadine, kama si mtoto wa jirani.

Lakini usizidharau mbegu, ndizo zitakupa mashina ya kubebeshea. Maganda yanakaa mtini kama miezi minane au tisa, mawili mawili kama pembe. Yafunge kwa soksi ya nailoni kabla hayajapasuka, maana mbegu zina bawa na upepo unazichukua. Panda upande mnene ukiwa chini na ncha ya bawa ikionekana juu, kwenye pumisi yenye unyevu mdogo. Kukiwa na joto zinaota ndani ya wiki mbili. Mche unachanua baada ya miaka miwili mitatu, mwingine zaidi.

Sasa shida ambayo hukuitaja lakini inakuja, hasa ukielekea magharibi: kutu. Geuza jani, ukiona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini na madoadoa ya manjano juu, huo ni ukungu uitwao Coleosporium plumeriae. Hauui mti, ila unaupukutisha majani mapema na maua yanapungua. Kakamega jani linaloa karibu kila alasiri, kwa hivyo hatuukwepi kabisa, tunaupunguza. Acha nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu kati ya miti ili upepo upite. Mwagilia asubuhi, chini, kamwe si juu ya majani. Okota majani yaliyoanguka uyachome au uyafukie; kuyaacha chini ya mti ni kufuga mbegu za ugonjwa. Dawa ya shaba kutoka agroveti inasaidia ukiianza kabla ya mvua ndefu ya Machi, kwa kipimo cha lebo, na lazima ielekezwe chini ya jani. Ongeza sabuni ya maji kidogo, jani lina nta na dawa huteleza. Kupuliza juu tu, baada ya unga kutanda, ni kupoteza pesa.

Na mbolea, kwa sababu najua swali linakuja: kipandikizi kisicho na mizizi hakipewi chochote. Mti ulioshika kwenye mtungi wa lita 20, kijiko kimoja cha mezani cha NPK 17-17-17 kila wiki sita wakati wa kukua, mbali na shina, kwenye udongo wenye unyevu. Ukizidisha CAN, ile mbolea ya naitrojeni, utapata matawi marefu laini, majani makubwa, na hakuna ua. Mti usiochanua mara nyingi hauna njaa, unakosa jua. Saa sita za jua kamili ndio kima cha chini.

Maua_Lanet (Nakuru):
Asanteni sana. Vilivyobaki vina mikunjo kwenye ngozi. Nijuaje kama ni kiu au ni kuoza? Na kubebesha kunafanywaje?

Riat_Bustani (Kisumu):
Bonyeza kwa kidole gumba pale shina linapoingia kwenye udongo. Mikunjo lakini ni kigumu: kiu, kipe glasi moja ya maji kisha usubiri wiki mbili. Kinabonyea na ngozi inateleza: kimeoza. Kitoe leo hii, kata kuanzia chini sentimita mbili mbili mpaka upate nyama nyeupe inayotoa utomvu, kikaushe upya wiki mbili, na upande kwenye pumisi mpya. Kikibaki na sentimita 15 bado kina nafasi, chini ya hapo kibebeshe tu.

Njoro_Kijani (Nakuru):
Kubebesha: mche wa mbegu wenye unene sawa na tawi lako, tawi lisilo na majani la sentimita 10 hadi 15, na wembe mpya. Kata mche mlalo, upasue katikati kina cha sentimita 3 au 4. Chonga tawi kama kabari ya urefu huohuo, kila upande kwa mkato mmoja. Ukiparuza mara tatu uso unakuwa na mabonde na haushikani. Futa utomvu haraka, ingiza, na hakikisha ile tabaka ya kijani chini ya ganda inagusana angalau upande mmoja. Unene ukitofautiana, sogeza kabari pembeni, usiiweke katikati. Funga kwa utepe wa plastiki unaovutika, kaza kutoka chini kwenda juu ili maji yasiingie. Weka kwenye kivuli chepesi, usilowanishe maungio. Februari na Machi ndio wakati mzuri huku. Wiki ya tatu au ya nne vichipukizi vinavimba. Chochote kinachoota chini ya maungio kitoe, kitanyonya nguvu yote. Na nyekundu zile zinazokataa kutoa mizizi, hii ndiyo njia yake.

Usikate ncha zote za mti mmoja kwa wakati mmoja. Ua hutoka kwenye ncha, tawi likishachanua ndipo linagawanyika. Ukinyoa mti mzima Februari, mwaka huo hakuna maua.

Shinyalu_Maua (Kakamega):
Kuhusu Celadine na wenzake. Nasari nyingi huku zinauza kwa rangi tu, kwa hivyo omba kuona ua lenyewe. Celadine ni njano pana yenye ukingo mweupe na harufu ya limau. Bali Whirl ni badiliko la Celadine lenye petali mara mbili, kumi badala ya tano. Nyekundu iliyokolea jaribu Hilo Beauty au Scott Pratt. Orodha ya majina yaliyosajiliwa inatunzwa na Plumeria Society of America, iliyoanzishwa 1979 huko Texas. Linganisha picha kabla ya kulipa. Usihukumu rangi kwa maua ya kwanza, joto na kivuli huibadilisha, na mti uleule Kisumu unaweza kukolea kuliko Nakuru. Subiri misimu miwili.

Mbegu za plumeria ya buluu zinazotangazwa mtandaoni ni utapeli. Hakuna plumeria ya buluu.

Kuagiza kutoka nje kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mzigo haujatumwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka, hata kwa vijiti viwili. Na aina zikianza kuongezeka, weka lebo ya kudumu: wino wa kalamu unafutika kwa jua ndani ya msimu. Kata ukanda wa kopo la soda, andika kwa kubonyeza na biro iliyokwisha wino, ufunge kwa waya kwenye tawi la pembeni ukiacha kitanzi kikubwa. Waya uliobana shina unakula ganda kadiri tawi linavyonenepa.