Naomba ushauri: nyama choma ya Argentina, mgahawani na nyumbani

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nakwenda Buenos Aires kikazi, na kwa mpenda nyama kama mimi hiyo ni neema. Mawili matatu nimeshayajua: mgahawa wa nyama choma wanauita parrilla, watu wanakula usiku kuanzia saa tatu, na nyama hutiwa chumvi ya mawe basi, hakuna limao wala tangawizi.

Mliowahi kuishi kule, nisaidieni. Kati ya bife de chorizo (steki ya mgongoni; chorizo ni soseji, lakini hii ni ng'ombe mtupu, jina lisiwatishe) na entraña (steki ya kiwambo cha ng'ombe), nianze na ipi? Nguruwe situmii, na soseji zao nyingi zimechanganywa. Nikialikwa asado (mkusanyiko wa nyama choma) ya Jumapili nyumbani kwa mtu, soseji hizo nizikatae vipi bila kumuudhi? Halafu eti ukiagiza "bien cocido", yaani iive kabisa, mchomaji anakuonea huruma. Kweli?

Nikirudi Dar nataka kuchoma mbavu kwa moto wa polepole kama wao. Ng'ombe wetu mgumu kidogo. Mkaa unatosha, au nitafute kuni? Na kwenye chimichurri, ile sosi yao ya majani, kitunguu saumu na siki, nikikosa oregano (majani ya kiungo) niweke nini?